Mistari ya Chaki Uani

Kila Jumapili ya majira ya baridi, mchungaji alipoinua mikono kutubariki, Mama Profu alikuwa ameshatoka. Alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, na ilipokaribia saa sita alifunga Biblia yake, akaitia mkobani pamoja na vipande viwili vya chaki, akaondoka bila kuomba radhi kwa mtu. Wanawake wa kwaya walimteta. Walisema mtu anayekimbia baraka ana jambo. Jambo lilikuwapo kweli: saa sita kamili alitakiwa awe uani kwetu, mtaa wa Point, akichora chini mahali kivuli cha jengo kilipoishia siku hiyo.

"Mungu iko anajua kwa nini nimetoka," aliniambia. "Kivuli ndo haiwezi kuningoja."

Tulimwita Profu kwa sababu huko tulikotoka, Burundi na Kongo, kila anayefundisha sekondari ni profu, hata kama hajawahi kukanyaga chuo kikuu. Yeye alifundisha jiografia miaka ishirini na miwili. Durban ilimpa kazi ya kusafisha nyumba ya watu huko Westville, siku nne kwa wiki, na sikuwahi kumsikia akilalamika juu ya kazi yenyewe. Alilalamika kwamba watoto wa nyumba ile, wenye vyumba vyao na kompyuta zao, hawakuweza kutaja mito mitatu ya Afrika. Akawa anawauliza huku anapiga pasi. Mama mwenye nyumba alimwomba aache, naye akasema sawa, na wiki iliyofuata akawauliza maziwa.

Mimi nilikuwa mshika funguo wa jengo letu. Ni jengo la ghorofa tatu, la matofali ya zamani yaliyoliwa na chumvi ya bandari, vyumba vimegawanywa kwa mbao kisha vikagawanywa tena. Nilifungua geti, nilibadilisha balbu, nilipeleka barua za wakala wa mwenye jengo kwa wapangaji, na kwa kazi hiyo nilipewa chumba cha mbele, ghorofa ya kwanza. Yeye aliniita Zamu, jina ambalo kwetu hupewa mlinzi wa geti. Nilimwambia mimi si mlinzi. Akasema mtu anayeshika funguo za milango yote na hana mlango hata mmoja wa kwake ni zamu tu, asijidanganye. Alikuwa na ulimi huo, na ukiuchukia ulikuwa umechelewa, kwa sababu alishageuka na kwenda zake.

Kuna swali ambalo sisi wageni tunaulizwa sana Durban siku hizi, na wengine hawaulizi kwa wema. Kwenye taksi, kwenye foleni ya kliniki, mtu anakutazama akisikia unavyotamka na anakuuliza unarudi kwenu lini. Mimi nilikuwa nacheka kijinga na kutazama viatu vyangu. Mama Profu aliwajibu kwa Kiingereza cha darasani, neno kwa neno, akimtazama muulizaji machoni: nitakwenda nikishavuna. Na hakukuwa na wiki ambayo hakuwa na kitu ardhini.

Ukali huohuo aliugeuzia watu wa kwetu, na hapo ndipo alipopata maadui wa kweli. Nusu ya jengo letu ilikuwa inangoja. Wana mafaili yao ya kuhamishiwa Kanada au Amerika, wamehojiwa mara moja au mbili, na tangu hapo hawanunui meza kwa sababu meza haipandi ndege. Baba mmoja wa ghorofa ya tatu aliishi miaka saba na sanduku lililofungwa chini ya kitanda. Siku Mama Profu alipomwomba maganda ya viazi ya kurutubisha udongo, baba yule alimshangaa.

"Mama, unalima ya nini? Sisi tuko tunangoya dosiye. Wanaweza kupiga simu kesho."

"Wakipiga simu kesho, leo utakula nini?"

"Nitanunua."

"Basi nunua. Lakini maganda nipe."

Alimpa. Wote walimpa, mwishowe, kwa sababu alikuwa anasimama mlangoni na ndoo mpaka mtu aone aibu.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mchoyo wa sukari hata kwa mgonjwa. Mazao ya kwanza hakumgawia mtu. Aliyapika, akala peke yake mlango umefungwa, na sote tulisikia harufu. Na huyu mama ambaye hakumwogopa wakala wala polisi wala wale waulizaji wa foleni ya kliniki aliwaogopa nyungunyungu. Jembe likiibua mmoja alirusha jembe na kuniita kwa sauti niliyoisikia mpaka mtaani. "Zamu, njoo utoe hii kitu." Nilishuka ngazi, nikamchukua yule mnyonge kwa vidole viwili, nikamweka pembeni. Kisha yeye ananiambia nimrudishe, kwa maana udongo unamhitaji, ila nimrudishe yeye akiwa ametazama kwingine. Darasani, nina hakika, aliwafundisha watoto faida za nyungunyungu bila kupepesa macho.

Lakini kosa lake kubwa, lile lililomtia matatani, lilikuwa la mtu wa kwetu kabisa. Kwetu karibu na ikweta jua linapita juu ya kichwa, na hakuna anayejiuliza nyumba imeelekea wapi kabla ya kuotesha mboga. Bustani inawekwa nyuma ya jiko, karibu na maji na majivu, basi. Mwaka wake wa kwanza jengoni, mwezi wa Julai, alilima ukanda mzima nyuma ya ukuta wa jiko, hatua mbili kutoka bombani. Alitoa chupa zilizovunjika na vipande vya matofali, akachanganya samadi, akapanda maharage, spinachi na lengalenga, ndio mchicha wa kwetu, kwa mistari iliyonyooka kama daftari.

Hakuna kilichofaa. Maharage yalioza ardhini. Lengalenga zilizoota zilikuwa nyembamba, za manjano, zimelala upande mmoja. Alimwagilia zaidi, zikafa haraka zaidi. Mwishowe Gogo, bibi wa Kizulu aliyekaa chumba cha chini, alimhurumia. Hao wawili walizungumza kwa Kiingereza cha kuokoteza, kila mmoja akiongeza lugha ya kwao palipopungua.

"Eish, Mama," Gogo alisema, "hujajiuliza kwa nini kamba yangu ya nguo nimeifunga kule mwisho kabisa, na beseni lenyewe ni zito na miguu yangu ni hii?"

Mama Profu alitazama kamba, akatazama paa, akatazama jua. Huku kusini, wakati wa baridi, jua hupita chini upande wa kaskazini, na uani kwetu kuko nyuma ya jengo, upande wa kusini. Kivuli cha ghorofa tatu kilikuwa kinalala juu ya udongo wake tangu asubuhi hadi jioni. Nguo za Gogo tu ndizo zilizokuwa zinaota jua.

Siku ya tatu alinikuta ngazini. "Hii kitu nimeifundisha kila mwaka," alisema. "Chungwa mkononi, mshumaa mezani. Watoto wote walifaulu. Mimi ndo nimefeli." Hakucheka, na mimi nilijua nisicheke.

Ule ukanda wa mimea iliyokufa ndio wakala aliouona alipokuja kukagua. Karibu na sisi, mbele ya maji, walikuwa wanajenga majengo mapya ya vioo, na mwenye jengo letu alikuwa ameanza kuota wapangaji wenye magari. Mwezi wa Mei uliofuata nilipewa barua niipeleke: uwanja wa nyuma, kwa kuwa hauna matumizi, utamwagwa simenti na kuwa maegesho. Niliipitisha chini ya mlango wa Mama Profu na kushuka haraka. Point watu wanatembea kwa miguu au wanapanda taksi; katika jengo zima hakukuwa na gari hata moja. Lakini sikuwa nimeajiriwa kufikiri.

Yeye alivaa suti yake ya kijivu ya ualimu, akaenda ofisini kwa wakala mwenyewe. Alirudi na maneno haya: ikifika wiki ya kwanza ya Septemba, majira ya kuchipua yakianza, na uwanja ukiwa wa kijani, utaachwa. Ukiwa mtupu, simenti. Wakala alimwahidi hivyo huku anacheka, kwa sababu alishauona ule ukanda wa manjano. Hakumpa maandishi. Nilimwambia hilo ni kosa, akasema analijua, lakini ahadi ya mdomo inampa walau miezi mitatu, na kukaa kimya hakumpi hata siku moja.

Hapo ndipo mistari ya chaki ilipoanza. Kila Jumapili saa sita alisimama kivuli kilipoishia, akapima kwa hatua mpaka ukuta wa mwisho, akaweka safu ya matofali ya mabaki, na juu ya kila tofali akaandika tarehe kwa chaki. Mwezi wa Juni uwanja wote ulikuwa kivuli, isipokuwa kaukanda chini ya ukuta wa mwisho. Baada ya hapo kivuli kilianza kurudi nyuma, kuelekea jengo, polepole, wiki hadi wiki. Katika daftari la mraba alichora uwanja wote na kuugawa safu tisa. Kila safu iliandikiwa Jumapili yake, siku ambayo jua lingeifikia. Hakukusudia kupanda bustani nzima kwa pamoja. Alikusudia kupanda akilifuata jua, safu kwa safu, mpaka Septemba imkute miguuni pa jengo.

"Wakala iko na kalenda ya ukutani," alisema. "Mimi niko na ya juu."

Tatizo lilikuwa miche. Mbegu zilihitaji joto ambalo uani hakukuwa nalo bado, na dirisha pekee la jengo lililopata jua kutwa lilikuwa langu, la mbele. Hakuniomba. Nilirudi siku moja nikakuta trei za mayai zimepangwa dirishani, kila kishimo kimejaa udongo, na pazia langu limekunjwa kitandani. Lengalenga alikuwa amezitoa Westville, ambako mtunza bustani alizing'oa kama magugu na yeye akazibeba kwenye mfuko wa plastiki, mbegu na vyote. Nililalamika. Akaniambia nimwagilie asubuhi kwa kijiko, si kwa kikombe. Na mimi, ambaye sikupata kuotesha hata kitunguu, nikawa naamka kuangalia vijani vimefika wapi. Niliipenda kazi ile, wala sikumwambia mtu.

Kufikia mwanzo wa Agosti safu nne zilikuwa zimeshika: spinachi ukutani, kisha vitunguu, kisha lengalenga na matembele. Upepo wa Agosti ulivuma kutoka bandarini ukileta mchanga, akauzuia kwa maboksi ya katoni na chandarua. Gogo alihamisha kamba yake ya nguo bila kuombwa. Hata yule baba wa sanduku alikuwa anasimama dirishani kwake akitazama chini.

Jumatatu moja wakala alinipigia simu. Gari la simenti linakuja Jumatano ya wiki ijayo, alisema, fungua geti saa tatu, huyo mama atakuwa kazini. Nilimkumbusha juu ya Septemba. Akanikumbusha kwamba chumba changu kinakwenda pamoja na funguo. "Na usimwambie, atatuletea maneno. Sharp?"

Nilisema sharp.

Siku tisa. Kila jioni ya siku hizo Mama Profu aligonga mlango wangu, akaingia, akazungumza na trei zake, akaniuliza kama nimekula. Kila jioni nilikuwa na sentensi moja mdomoni na sikuitoa. Nilijiambia simenti itakuja tu, nikisema au nisiposema. Nilijiambia nina mtu wa kumtumia kitu nyumbani. Yote yalikuwa kweli na hayakunisaidia kulala. Jambo moja tu lilinishangaza wiki ile: alivunja mpango wake mwenyewe. Alichukua miche ya safu ya tano na ya sita na kuipanda kabla ya wakati, ndani ya kivuli, kwa haraka, akiikandamiza udongo kwa viganja. Nikafikiri amezeeka, amekosea hesabu.

Jumatano saa tatu nilifungua geti. Msimamizi wa mafundi alikuwa mtu mtulivu wa Pietermaritzburg. Aliingia uani, akasimama, akavua kofia. "Huku kuna chakula," alisema, na akapiga simu kwa wakala. Walizozana kidogo. Nilimsikia akisema yeye hamwagi simenti juu ya mboga za mtu, bibi yake angefufuka. Mwishowe wakala akaamua: mwageni palipo patupu tu. Wakaweka mbao pembeni mwa safu ya sita, na kutoka hapo mpaka ukuta wa jiko wakamwaga, wakasawazisha, wakaondoka kabla ya saa nane.

Mama Profu alirudi saa kumi na moja na mfuko wa maganda mkononi. Alisimama kwenye ukingo wa simenti mbichi.

"Nani alifungua?" aliniuliza.

"Mimi."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Haya. Ndo kazi yako."

Alipanda chumbani kwangu, akachukua trei za safu ya saba, ya nane na ya tisa, akampelekea Gogo azipande kwenye ndoo. Pazia langu alilirudisha mahali pake, amelinyoosha vizuri. Afadhali angenitukana. Kesho yake alivaa tena suti ya kijivu, akaenda ofisini, akaambiwa ashukuru kwa nusu aliyoachiwa. Akajibu kwamba hashukuru, akarudi kumwagilia.

Mwaka uliofuata nilipata kazi ghalani Mobeni, nikahama, na nikaacha kupita Point. Watu waliniambia wapangaji wenye magari hawakuja. Niliposikia hivyo nilikuwa nabadilisha mazungumzo.

Agosti iliyopita, miaka minne baadaye, nilikwenda. Ilikuwa Jumapili, na nilichagua saa nikijua atakuwa uani. Mshika funguo mpya, kijana wa Tanga mwenye adabu, alinifungulia na kuniuliza mimi ni nani. Nikasema mgeni wa Mama Profu. Akaguna, akasema huyo mama atamfukuzisha kazi.

Kabla sijamwona nilimsikia. Alikuwa amepiga magoti juu ya gunia, miwani minene imefungwa kwa kamba ya kiatu, nyundo mkono wa kulia, patasi wa kushoto. Alikuwa anavunja simenti ya mwenye jengo. Safu ya saba ilikuwa imeshafunuliwa yote, udongo umegeuzwa, mweusi, na vipande vya simenti vimepangwa pembeni kuwa kizuizi cha upepo. Ya nane alikuwa ameianza. Mikono ilikuwa imemkonda na alipumzika kila baada ya mapigo matatu. Maegesho yaliyobaki yalikuwa matupu, yana mistari myeupe ya rangi ambayo hakuna tairi iliyowahi kuikanyaga.

"Zamu," alisema bila kugeuka. "Bado unatembea kama mtu ambaye anapeleka barua."

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima kutoka Mobeni. Yakatoka vibaya. Nikamwambia nilijua siku tisa kabla. Nikamwambia kila jioni alipoingia kuangalia trei nilikuwa najua.

Aliweka nyundo chini, akafuta miwani kwa khanga.

"Na mimi nilijua kama unajua. Tangu ile Jumatatu uliacha kuniangalia usoni. Miaka ishirini na miwili niko darasani, mtoto ambaye ameiba chaki ninamjua mlangoni."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungeniambia, wangekufukuza, na simenti ingekuja tu. Sasa ningepata nini? Nikapanda safu mbili kwa kivuli, wakute kijani." Alinyoosha kidole kuelekea matembele yaliyotambaa nene juu ya safu ya tano na ya sita. "Ile ni uso yako ilinipatia."

Nilimwomba anisamehe. Alinitazama kama anayetazama karatasi ya mtihani iliyoachwa nusu.

"Hiyo uliza Mungu, iko na wakati. Mimi Jumapili ijayo jua itafika hapa." Aligonga simenti ya safu ya nane kwa kidole. "Niko na siku saba na mkono moja mugonjwa."

Akanisogezea patasi.

Nilivua koti langu la kanisani. Pigo la kwanza liliteleza, la pili likatoa kipande cha ukubwa wa kiganja, na sauti ilipanda mpaka paani. Madirisha yakafunguka. Yule kijana wa Tanga akatoka mbio, simu mkononi, akasema kaka, tafadhali, hii ni mali ya watu, wakala ameniagiza nimwambie nani anavunja. Mama Profu alitaka kumjibu, nikamwinulia mkono.

Nikamwambia ampigie sasa hivi. Nikamtajia jina langu na la baba yangu, herufi moja baada ya nyingine, nikangoja mpaka amalize kuandika, kisha nikainua nyundo.